Taa za Ngulia na nusu ya pili ya machipuko

Kwenye ukingo wa mteremko wa Ndawe, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, kuna hoteli ya watalii iitwayo Ngulia. Ilifunguliwa mwaka 1969, ikawekewa taa kali za kumulika maji yaliyo mbele yake, ili wageni wawaone wanyama wakija kunywa usiku bila kuondoka barazani. Aliyezifunga taa hizo hakuwa na habari ya ndege. Lakini ifikapo Novemba na Desemba, hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda ule mteremko na kugeuka ukungu. Na ikiwa mwezi haupo, taa huufanya ukungu huo uwe kama kuba jeupe lililosimama katikati ya giza la Tsavo. Hapo ndipo ndege wadogo huanza kushuka, mmoja mmoja, kisha makundi, kisha kwa mamia na maelfu, wakizunguka ndani ya mwanga na kutua vichakani na kwenye nyasi za hoteli. Hawakuwa wakija Ngulia. Walikuwa wakipita juu, wakitoka Urusi, Ukraine, Poland au Iraq kuelekea kusini mwa Afrika, kama mababu zao walivyopita kabla ya kuwapo hoteli, barabara au mbuga. Hakuna aliyewaona kwa sababu husafiri usiku tena juu sana, na kunapokucha huwa wameshakwenda zao.

Nataka kutetea hoja moja juu ya tukio hilo. Watu wa Ulaya wana mapokeo marefu ya kungojea ndege wa majira ya machipuko: kuandika tarehe mbayuwayu wa kwanza alipoonekana, korongo alipotua juu ya paa, mwimbaji wa usiku aliposikika kichakani. Kumbukumbu za namna hiyo zimejaa kwenye maktaba zao, na historia ya uhamaji wa ndege kwa kawaida huandikwa kutoka humo, kana kwamba machipuko huanza pale ndege anapoonekana. Nasema kumbukumbu hizo ni nusu ya habari, tena nusu isiyoweza kusimama peke yake. Kila mara ujuzi wa machipuko ulipopiga hatua ya kweli, kilichousukuma kilitoka upande wa Afrika: mkuki, pete, ukame, sauti. Ngulia ndipo ushahidi wa upande huu ulipokusanywa kwa wingi kuliko popote Afrika Mashariki. Kwa hiyo historia ya hoteli hiyo ya nyikani ni sehemu ya historia ya machipuko ya huko, ingawa ndege wake huonekana Novemba.

Tazama kwanza mtu anayechungulia kutoka upande mmoja tu huishia kuamini nini. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uppsala aliyekuwa uhamishoni, alichapisha kitabu kuhusu mataifa ya kaskazini ambamo wavuvi wanaonyeshwa wakivuta wavu kutoka chini ya barafu, nao umejaa samaki na mbayuwayu pamoja. Iliaminika kwamba mbayuwayu hulala majini wakati wote wa baridi na kuamka jua linaporudi. Zaidi ya miaka 200 baadaye, mwaka 1789, Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne nchini Uingereza na mtazamaji makini kama walivyo wachache, alikuwa bado hajaliacha kabisa wazo kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha huko huko kwao. Sioni sababu ya kuwacheka watu hawa. Mbele ya macho yao kulikuwa na mambo mawili tu, ndege kutoweka na ndege kurejea. Mbayuwayu walikusanyika juu ya matete ya ziwani jioni za mwisho kabla ya kutoweka, na huko huko majini ndiko walikoonekana tena miezi ilipopita. Akili iliyo timamu ilijaza pengo kwa kilichokuwa karibu. Kilichokosekana hakikuwa umakini. Kilikosekana neno kutoka mahali ambapo Desemba mbayuwayu hao hao wanaruka juu ya ng'ombe na mashamba, mchana kweupe, kila mtu akiwaona.

Neno la kwanza lisilokanushika lilifika Mei 1822, likiwa limechomekwa shingoni mwa ndege. Karibu na mji mdogo wa Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa amerudi kwa machipuko, na shingo yake ilikuwa imepitwa na mkuki mwembamba wenye urefu wa sentimita 80 hivi. Mkuki ulitambulika kuwa wa Afrika. Korongo alichomwa huko, hakufa, akaruka nao kuvuka jangwa, akafika kijijini pake kwa wakati. Amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, na baada yake walipatikana wengine waliofika Ujerumani na silaha za Afrika mwilini, jumla yao 25 hivi, hata Wajerumani wakatunga neno maalumu la kuwaita. Katika miaka yote ya kuangalia ndege wa machipuko, nadhani hakuna aliyeonwa kwa manufaa makubwa kuliko korongo huyo wa Klütz, na manufaa hayo yote yalitokana na mwindaji wa Kiafrika ambaye hakuna aliyewahi kuuliza jina lake. Tarehe ya kuwasili ingeweza kuandikwa mara elfu bila kueleza lolote. Mkuki mmoja ulieleza.

Walioanza kuvisha ndege pete walikuwa wakifanya kwa makusudi kile ambacho mkuki ulikifanya kwa bahati. Mwaka 1899 Hans Christian Mortensen, mwalimu wa Viborg huko Denmark, alivisha ndege 165 pete za alumini zenye namba na anwani, na utaratibu wake ndio unaofuatwa ulimwenguni mpaka sasa. Mei 1911 mwanasheria mmoja wa Staffordshire, Uingereza, John Masefield, alimvisha pete mbayuwayu aliyejenga kiota barazani kwake. Desemba 1912 ndege huyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba moja huko Natal, Afrika Kusini, na aliyemkuta akaandika barua kwa anwani iliyokuwa kwenye pete. Hapo tena, pete yenyewe ilikuwa bubu mpaka mtu wa upande wa pili alipoisoma.

Lakini korongo na mbayuwayu ni ndege wa mchana. Wengi wa wale wadogo wanaojaza vichaka vya Ulaya mwezi Mei husafiri gizani, na njia ya kuwaona ilikuwa moja tu: taa. Heinrich Gätke aliishi kwenye kisiwa cha Heligoland, katika Bahari ya Kaskazini, kuanzia mwaka 1837 hadi alipofariki mwaka 1897, na sehemu kubwa ya aliyoyaandika kuhusu ndege wa usiku aliyaona kwenye mnara wa taa wa kisiwa hicho, usiku wa giza na ukungu, ndege wakizunguka mwanga kama nondo. Kati ya mwaka 1880 na 1887 kamati ya wanasayansi wa Uingereza iliwapelekea fomu walinzi wa minara ya taa kuzunguka visiwa vyao, waandike kila usiku ndege walipojigonga au kutua. William Eagle Clarke, aliyezichambua fomu hizo, hatimaye alikwenda mwenyewe kukaa kwenye mnara wa Eddystone. Nalitaja hili kwa sababu Ngulia huzungumzwa kama ajabu isiyo na mfano. Mfano ilikuwa nao, na kanuni yake ni ile ile iliyojulikana kwa walinzi wa minara: giza bila mwezi, ukungu, na mwanga mmoja mkali mahali pasipo mwanga mwingine. Ilichoongeza Ngulia ni upande. Taa kama hiyo sasa ilikuwa imewaka kusini mwa jangwa la Sahara, kwenye njia kuu ya ndege wa mashariki, mahali ambapo watu waliweza kurudi mwaka baada ya mwaka.

Na mwaka wenyewe, 1969, una uzito wake. Machipuko ya mwaka huo wahesabu ndege wa Uingereza walikwenda mashambani kama kawaida wakamkosa ndege mmoja mdogo wa vichakani mwenye koo jeupe, aliyejulikana kisayansi wakati huo kama Sylvia communis. Alikuwa wa kawaida mno, wa kila ua wa miiba. Hesabu zilipojumlishwa, walikuwa wamepungua kwa asilimia 77 kulinganisha na mwaka uliotangulia. Misitu ilikuwa vile vile, nyua zilikuwa vile vile, na ndege walioondoka mwaka 1968 waliondoka kwa idadi nzuri. Jibu lililochapishwa mwaka 1974 lilielekeza kidole maelfu ya kilomita kusini: ukame wa Saheli, ile nyika iliyo ukingoni mwa Sahara ambako ndege hao huishi wakati wa baridi ya Ulaya na kujinenepesha kabla ya kurudi. Ndege waliokosekana Uingereza hawakuwa wale wa Ngulia. Wa Uingereza hushukia Afrika Magharibi, na wenye koo jeupe wanaopita Tsavo hutoka mashariki zaidi. Hata hivyo funzo lilikuwa la wote. Mvua isiponyesha Mali na Senegal, kichaka cha Uingereza hunyamaza mwezi Mei, na aliye Uingereza hana njia ya kujua kwa nini kwa kukitazama kichaka chake. Kumbukumbu za machipuko zilikuwa zimesema yote ziliyoweza kusema: ndege hayupo.

Kazi ya kuvisha pete Ngulia ilianza mwaka huo huo wa 1969, na walioiongoza kwa miongo mingi ni Graeme Backhurst na David Pearson. Tangu hapo imefanyika karibu kila mwaka, siku za mwezi mchanga za Novemba na Desemba, na ndege waliovishwa pete ni zaidi ya nusu milioni, wa aina zaidi ya 60, wote wakiwa wageni kutoka kaskazini. Kuna asubuhi moja moja ambazo zaidi ya ndege 1,000 wamepita mikononi mwa watu wachache. Kazi yenyewe ni ya vidole. Nyavu nyembamba zisizoonekana kwa urahisi husimamishwa kati ya vichaka. Ndege hunasuliwa, hutiwa kwenye mfuko wa kitambaa, hupelekwa mezani. Mvisha pete humshika mgongo ukiwa kiganjani na shingo kati ya vidole viwili, hufunga pete mguuni kwa koleo dogo, hupima ubawa kwa rula, kisha hupuliza manyoya ya kooni yafunuke. Chini ya ngozi ile, iliyo nyembamba kama karatasi, mafuta huonekana yenyewe, rangi ya manjano, yamejaa kwenye kishimo cha koo au yamekwisha. Ndege mzima wa aina iliyo ndogo ana gramu 12 hivi. Kwa mafuta hayo unaweza kujua kama ana akiba ya kuendelea usiku ule ule au itambidi akae siku kadhaa ale wadudu kwanza. Kisha huachiwa, na muda si muda anakuwa amezama kichakani.

Aina tatu ndizo zilizo nyingi kupita zote: yule mwenye koo jeupe, mwimbaji wa usiku wa Ulaya ya Mashariki, Luscinia luscinia, na kijindege cha kahawia kisicho na alama, Acrocephalus palustris, ambacho nitakiita ndege wa magugu kwa kuwa huzaliana kwenye magugu marefu ya mabondeni. Huyo wa tatu ndiye aliyefundisha mengi. Huondoka Ulaya Agosti. Lau angesafiri moja kwa moja, angefika Kenya Septemba, lakini Ngulia hupita Novemba na Desemba, wakati mwingine hata Januari. Miezi iliyo katikati huipitisha Sudan na Ethiopia, kwenye nyika zilizoshiba mvua, na zinapoanza kukauka husogea kusini kufuata mvua mpya. Safari ambayo Ulaya iliandikwa kama kuondoka na kurudi, kumbe ina vituo, na vituo hivyo hupangwa na mvua za Afrika. Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani, katika milima ya Usambara huko Tanganyika, kabla ya kurudi Uingereza, alijaribu kuujumlisha mfumo huu wote katika kitabu kilichotoka mwaka 1972 baada ya kifo chake, akakadiria ndege wa nchi kavu bilioni 5 huja Afrika kila mwaka. Makadirio ya mwaka 2009 yaliyohusu ndege wa Ulaya yalikuwa bilioni 2.1. Tofauti ni kubwa, lakini hata ukichukua ndogo, umati huo kuupa jina la ndege wa Ulaya waliokwenda likizo ni kukosa shabaha.

Kuna mapingamizi matatu mazito. La kwanza linasema taa ni shahidi mwenye upendeleo. Ngulia haihesabu ndege waliopita. Inahesabu waliopita usiku wenye ukungu, usio na mwezi, walio wa aina inayovutwa na mwanga, waliotua karibu na nyavu. Mwaka wenye ukungu mwingi utaonekana mwaka wa ndege wengi hata kama ndege ni wachache. Hili ni kweli, na yeyote anayechukua jumla ya Ngulia kama kipimo cha wingi wa ndege duniani anajidanganya. Lakini si kila swali ni la wingi. Tarehe ambayo aina fulani huanza kupita haitegemei nyavu ngapi zilisimama. Uwiano wa makinda kwa wakubwa ndani ya aina moja, ukilinganishwa mwaka kwa mwaka, unaeleza kama msimu wa kuzaliana huko kaskazini ulikuwa mwema. Uzito na mafuta havitungwi na ukungu. Zaidi ya hayo, kumbukumbu za machipuko nazo zina upendeleo ambao hautajwi mara nyingi: huandikwa na watu wanaoamka mapema Jumapili, karibu na miji, hali ya hewa ikiwa nzuri. Upendeleo wa Ngulia una faida moja, kwamba unajulikana.

Pingamizi la pili ni la maana zaidi kwa hoja yangu. Machi na Aprili ndege hao hao hurudi kaskazini, na ile mikusanyiko ya Novemba haionekani Ngulia. Wanapita wapi na kwa kasi gani, taa za Ngulia hazisemi mengi. Isitoshe, katika ndege wengi vile waliovishwa pete, waliopatikana tena ugenini ni wachache mno, mmoja Arabuni, mwingine Urusi au Ulaya ya Mashariki. Kwa kamba nyembamba hivyo, nawezaje kufunga Tsavo na machipuko ya Ulaya? Jibu langu ni kwamba ndege wa magugu amebeba ushahidi mwingine usiohitaji pete. Dume wa aina hii hana wimbo wa kwake hasa. Huimba kwa kuiga ndege wengine, akipanga vipande vya sauti zao kimoja baada ya kingine kwa kasi. Mwaka 1979 Françoise Dowsett-Lemaire, Mbelgiji aliyekuwa anazijua vizuri sauti za ndege wa Ulaya na za Afrika pia, alichapisha uchunguzi wa nyimbo hizo alizozirekodi Ubelgiji. Kila dume aliiga kwa wastani aina 76 za ndege, na kati yake 45 zilikuwa za Afrika. Kwa madume wote pamoja alizitambua aina 99 za Ulaya na 113 za Afrika.

Namba hizo zinastahili kukaliwa kidogo. Tangu zamani watu walisimama kando ya mito ya Ubelgiji mwezi Juni wakisikiliza wimbo huo, na waliokuwa na masikio mazuri walitambua humo shomoro, mbayuwayu, shore mweusi wa bustanini. Sauti zilizobaki walizihesabu kuwa kelele za ndege mwenyewe. Zilikuwa sauti za vichaka vya Afrika Mashariki. Aliyekua karibu na Voi au Singida angezijua. Wao hawakuwa na namna. Na kwa kuwa ndege huyu hujifunza nyimbo zake katika mwaka wake wa kwanza tu, akiiga anachokisikia kwao na kisha anachokisikia njiani na huku anakokwenda, kinda anayenaswa Ngulia Desemba, gramu 12 na pete mguuni, yuko darasani bado. Atakachokiimba Mei kinaingia masikioni mwake wakati huo, kichakani, asubuhi ukungu unapoinuka. Nyavu na pete zilionyesha njia. Wimbo ulionyesha kwamba njia hiyo hufika na mzigo. Mtu anayeandika kwenye daftari lake kwamba ndege wa magugu amewasili na anaimba, kwa zaidi ya nusu ya wimbo huo anaandika habari za Afrika bila kujua.

Pingamizi la tatu ni la dhamiri, na silichukulii kwa wepesi. Taa zinazowakusanya ndege ndizo zinazowaua kwingineko. Usiku mmoja wa Oktoba 2023 huko Chicago, karibu ndege 1,000 walikufa kwa kujigonga kwenye vioo vya ukumbi mmoja mkubwa wa mikutano ulio kando ya ziwa, taa zikiwa zinawaka ndani. Minara ya taa ya Gätke na Clarke nayo iliacha mizoga kila usiku wa ukungu. Ni haki kuuliza kama ujuzi wa Ngulia unalipiwa na ndege wenyewe. Nadhani tofauti iko katika mambo mawili. Ngulia si ukuta wa vioo. Mwanga humwagika juu ya vichaka na nyasi, ndege huona pa kutua, na kwa wengi usumbufu huishia kwenye kupoteza saa kadhaa za safari. La pili ni kwamba taa ni moja katika nyika pana. Lakini hoja hii ina mwisho wake. Kadiri miji, barabara na hoteli zinavyoongezeka katika njia hii ya mashariki, taa moja iliyokuwa dirisha itakuwa moja kati ya nyingi, na wajibu wa kuzizima au kuzielekeza chini usiku wa ukungu wa Novemba utaangukia wenye majengo ya Kenya na Tanzania kama ulivyowaangukia wa Chicago. Kusema hivyo hakupunguzi thamani ya yaliyojulikana Ngulia. Bila Ngulia tusingejua ni usiku upi wa kuzizima.

Kuna ndege mmoja wa Ngulia ambaye kwake hoja yote hukutana na historia ya pwani yetu. Ni ndege wa matete wa Basra, Acrocephalus griseldis, ndugu wa yule wa magugu, mkubwa kidogo na mwenye mdomo mrefu zaidi. Makao yake makuu ya kuzaliana ni mabwawa ya kusini mwa Iraq, pale mito ya Tigris na Furati inapokaribiana. Anaposhuka kuja huku, kaskazi inaanza kuvuma. Anaporudi Aprili, kusi imeshika. Ni kalenda ile ile ya vyombo vya Waarabu. Majahazi ya Kuwait, Oman na Ghuba yalikuja na kaskazi yakiwa na tende za Basra, yakapita Lamu, Mombasa na Unguja, yakarudi na kusi yamejaa boriti za mikoko, na upana wa vyumba vya nyumba za Ghuba ulipimwa kwa urefu wa boriti hizo. Baharia wa Kiaustralia Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait msimu wa 1938 hadi 1939, kutoka Aden mpaka delta ya Rufiji na kurudi, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Sisemi ndege alimfundisha nahodha au nahodha ndege. Wote walisoma upepo mmoja. Nasema tu kwamba watu wa pwani hawakuhitaji kuambiwa kuwa Basra na Rufiji ni ncha mbili za jambo moja.

Miaka ya 1990 serikali ya Saddam Hussein ilichimba mifereji na kujenga kuta za udongo, ikayakausha mabwawa hayo hata sehemu kubwa kabisa ikabaki chumvi na mavumbi, na wakazi wa mabwawa wakatawanyika. Kulikuwa na vita kabla ya hapo na vita baada yake. Hakukuwa na mtu wa kusimama kando ya matete ya Basra na daftari, kuandika tarehe ndege alipofika wala kama alikuta pa kujenga kiota. Kwa miaka hiyo yote, kati ya sehemu chache duniani ambapo mtu aliweza kumshika ndege huyo mkononi, kupuliza manyoya ya koo lake na kujua kwamba bado yupo, mojawapo ilikuwa chini ya taa za hoteli ya Tsavo. Mwaka 2003 wenyeji wa mabwawa walibomoa kuta, maji yakaanza kurudi, matete yakaota tena katika baadhi ya sehemu. Leo ndege huyo amewekwa katika orodha ya walio hatarini kutoweka, na kila Novemba, ukungu unapotanda juu ya Ndawe na mwezi umelala, wavisha pete wa Ngulia humtafuta kati ya mamia ya wale wa magugu wanaofanana naye, wakipima mdomo.